Namba Iliyo Kwenye Tyubu: Kuchagua na Kupaka Losheni ya Kukinga Jua

Tyubu ya losheni ya kukinga jua yenye mililita 50 iliwahi kunikalia miezi tisa, nami nilikuwa nikiipaka usoni karibu kila asubuhi. Nilijiona mwekevu, hadi siku nilipochukua kalamu nikapiga hesabu. Uso wa mtu mzima pamoja na sehemu ya mbele ya shingo una eneo la takriban sentimita za mraba 600. Kiasi kinachopakwa maabara ili kupata ile namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga dhidi ya jua, inayochapishwa kwenye tyubu ni miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba. Ukizidisha unapata miligramu 1,200, yaani gramu moja na robo hivi kwa mpako mmoja. Kwa kiwango hicho tyubu yangu ilitosha mipako kama 40, na mtu anayepaka mara moja tu kwa siku anapaswa kuwa ameimaliza ndani ya wiki sita. Yangu ilidumu zaidi ya mara sita ya muda huo. Tyubu iliandikwa SPF 50, lakini kilichokuwa usoni mwangu miezi yote hiyo kilikuwa kinga nyingine kabisa, ambayo hakuna aliyewahi kuipima.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu mkanganyiko mwingi kuhusu losheni hizi unaanzia hapo. Watu huulizana ni SPF ngapi inafaa, kama ya madini ni bora kuliko ya kemikali, kama mwenye ngozi nyeusi anaihitaji, na kama ni salama kuipaka kila siku. Maswali hayo yana majibu, na baadhi ya majibu hayafanani na yale yanayorudiwa kila mahali; lakini karibu kila jibu linarejea kwenye jambo moja, kwamba losheni ya jua ni tabaka linalotandazwa juu ya ngozi, na tabaka hufanya kazi kulingana na unene wake na mahali lilipofika.

Mionzi inayohusika ni ile ya urujuanimno (UV), ambayo macho hayaioni na ngozi haiihisi. Joto tunalolisikia tukiwa juani halitokani nayo, ndiyo maana mtu anaweza kubabuka siku yenye upepo wa baridi bila kushtuka mapema. Wanasayansi wameigawa mionzi hiyo katika mafungu matatu kwa urefu wa mawimbi yake. UVC, yenye mawimbi mafupi kuliko yote, hufyonzwa angani na haifiki ardhini. UVB, yenye mawimbi ya nanomita 280 hadi 315, hutufikia kwa kiasi kidogo lakini ina nguvu kubwa. Ndiyo hasa inayounguza ngozi na kuharibu moja kwa moja DNA ya seli za tabaka la juu. UVA, ya nanomita 315 hadi 400, ndiyo takriban asilimia 95 ya mionzi yote ya urujuanimno inayofika ardhini. Haiunguzi upesi kama mwenzake, lakini hupenya ndani zaidi, hadi kwenye nyuzi za kolajeni zinazoifanya ngozi iwe imara na yenye kunepa, na hupita kwenye kioo cha kawaida cha dirisha, kioo ambacho huzuia sehemu kubwa ya UVB.

Mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mwanamume wa miaka 69 aliyeendesha lori la kusambaza maziwa kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa wa mzee wa kawaida. Upande wa kushoto, uliokuwa ukielekea dirishani, ngozi ilikuwa imenenepa, imelegea na kujaa makunyanzi yenye mifereji, kana kwamba nusu mbili za uso ule zilikuwa za watu waliopishana umri kwa miaka mingi. Kioo kilikuwa kikimkinga na mionzi inayobabua, huku ile nyingine ikiingia kimyakimya mwaka baada ya mwaka. Picha hiyo inaeleza, kuliko jedwali lolote, kwa nini losheni inayozuia kubabuka peke yake haitoshi.

Sasa tuitazame namba yenyewe. Anayehusishwa zaidi na kuenea kwa SPF ni Franz Greiter, mkemia wa Austria, ambaye inasimuliwa kuwa aliungua vibaya na jua alipokuwa akipanda mlima Piz Buin kwenye mpaka wa Austria na Uswisi, na mwaka 1946 akaanza kuuza krimu yake mwenyewe. Namna ya kuipata namba hiyo si ngumu kuielewa. Watu wa kujitolea, angalau 10, hupakwa losheni sehemu ya mgongo kwa ule unene wa miligramu 2, kisha humulikwa kwa taa inayoiga jua, sehemu iliyopakwa na sehemu isiyopakwa. Mpimaji hutafuta dozi ndogo kabisa ya mionzi inayoleta wekundu kila upande. Ikiwa sehemu iliyopakwa imehitaji dozi mara 30 ya ile ya sehemu iliyo wazi, losheni hiyo ni SPF 30.

Katika maelezo hayo mafupi mna mambo matatu ambayo watu wengi hawaambiwi. La kwanza ni kwamba namba inahesabu dozi ya mionzi, wala si muda. Ile kanuni ya kuzidisha dakika, kwamba anayeungua baada ya dakika 10 akipaka SPF 30 anapata dakika 300, haina maana, kwa kuwa dakika 10 za saa sita mchana na dakika 10 za saa mbili asubuhi hazibebi dozi sawa, na kwa kuwa hakuna losheni inayokaa ngozini saa tano bila kufutika. La pili ni kwamba kinachotazamwa ni wekundu, na wekundu huletwa zaidi na UVB. Hivyo SPF kubwa peke yake haisemi mengi kuhusu UVA. La tatu ni kwamba wekundu huo hupimwa kwenye ngozi nyeupe, ambako unaonekana kwa urahisi. Namba hiyo haikutungwa kupima kuzuia madoa meusi, ambayo ndiyo sababu kubwa inayowafanya watu wengi wenye ngozi nyeusi watafute losheni hizi.

Kuhusu ukubwa wa namba, utasikia kwamba SPF 15 huzuia asilimia 93 ya mionzi inayounguza, SPF 30 asilimia 97, na SPF 50 asilimia 98, kisha utaambiwa kwamba tofauti kati ya 30 na 50 ni asilimia moja tu, kwa hiyo usijisumbue. Takwimu ni sahihi, ila hitimisho lake lina walakini. Ngozi haiharibiwi na mionzi iliyozuiwa. Huharibiwa na ile iliyopenya. SPF 30 hupitisha sehemu moja ya thelathini, karibu asilimia 3.3, na SPF 50 hupitisha asilimia 2, maana yake inapitisha pungufu kwa asilimia 40. Na hapo ni kama losheni imepakwa kwa unene wa maabara. Katika maisha ya kawaida, vipimo vimeonyesha mara kwa mara kwamba watu hupaka kati ya robo na nusu ya kiasi hicho, na unene ukipungua kwa nusu, kinga hushuka hadi karibu nusu, pengine chini zaidi. SPF 50 iliyopakwa robo inaweza kufanya kazi kama SPF 12 au chini ya hapo. Kwa mtazamo wangu, hii ndiyo sababu nzuri ya kuchagua namba kubwa: namba kubwa humfidia kidogo mtu ambaye mkono wake ni mwepesi. Chini ya 30 sioni sababu ya kununua, na juu ya 50 faida ni ndogo kuliko bei ya ziada unayotozwa.

Kwa upande wa UVA inabidi kusoma sehemu nyingine ya tyubu. Losheni zinazofuata taratibu za Ulaya huwa na herufi UVA ndani ya duara, ishara kwamba kinga yake dhidi ya UVA ni angalau theluthi moja ya SPF iliyoandikwa. Japani na nchi kadhaa za Asia hutumia herufi PA zikifuatiwa na alama za kujumlisha, kuanzia moja hadi nne, na nne ndizo za juu kabisa. Marekani hutumia maneno yanayomaanisha kwamba losheni inakinga wigo mpana wa mionzi. Usipoona alama yoyote kati ya hizo, hata kama SPF ni kubwa, unachoshika mkononi huenda kikakuzuia usibabuke tu, huku ukibaki katika hali ya yule dereva.

Ndani ya losheni, kazi ya kuzuia mionzi hufanywa na viambato vya aina mbili. Vya madini ni viwili tu, oksidi ya zinki na dioksidi ya titani, navyo ni unga laini uliochanganywa kwenye krimu. Vya kemikali ni vingi zaidi: avobenzoni, oktokrileni, oktinoksati, oksibenzoni na vingine vipya ambavyo baadhi ya nchi zimeviruhusu na nyingine bado. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba madini hurudisha mionzi kama kioo cha kujitazamia na kemikali huimeza kama sifongo. Picha hiyo ni rahisi kuikumbuka, lakini haiko sawa. Madini nayo humeza sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno na kuigeuza joto dogo lisilohisika. Kinachorudishwa ni sehemu ndogo tu. Tofauti halisi ziko kwingine. Madini hayachomi macho na mara chache huwasha ngozi, kwa hiyo yanawafaa watoto na wenye ngozi inayochokozeka upesi. Ubaya wake ni ile rangi ya kijivujivu inayobaki juu ya ngozi nyeusi, ambayo hakuna kiasi cha kusugua kinachoiondoa yote. Losheni za kemikali huwa nyepesi na hazionekani, lakini jasho likizishusha machoni utalia kama aliyekata vitunguu.

Rangi hiyo ya kijivu si jambo dogo la urembo. Mtu akipaka losheni inayomfanya aonekane kama aliyemwagiwa unga, atapunguza kiasi, kisha atapunguza siku, na mwishowe ataiacha. Losheni inayofaa ni ile ambayo mwenyewe utakubali kuipaka kwa unene unaotakiwa kila siku. Ndiyo maana napendekeza kuijaribu kwanza kwenye taya, mahali penye mwanga wa mchana, badala ya nyuma ya kiganja chini ya taa ya dukani. Kuna pia losheni zenye rangi ya udongo, zilizotiwa oksidi za chuma. Hizo zina faida nyingine zaidi ya kuficha weupe. Nuru ya kawaida inayoonekana, hasa ile ya zambarau na bluu, huweza kuchochea ngozi nyeusi na ya maji ya kunde kutengeneza kwa wingi melanini, ile rangi asilia ya ngozi, na losheni zisizo na rangi huipitisha nuru hiyo karibu yote. Oksidi za chuma huizuia. Kwa mtu anayehangaika na melasma, yaani mabaka meusi ya usoni, au madoa yanayobaki kila chunusi inapopona, losheni yenye rangi ya SPF 30 inaweza kumsaidia kuliko isiyo na rangi ya SPF 50.

Hapo tumefika kwenye swali linaloulizwa kila mara: mwenye ngozi nyeusi ana haja gani na losheni ya jua? Jibu la haraka, kwamba kila mtu anaihitaji sawasawa, si la kweli, na jibu la upande wa pili, kwamba melanini inatosha, nalo halijakamilika. Melanini ni kinga halisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 ulikadiria kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lina kinga inayolingana na SPF 13 hivi, na la ngozi nyeupe SPF 3 hivi. Kwa sababu hiyo saratani za ngozi zinazoletwa na jua ni nadra sana kwa watu weusi, na ushahidi kwamba losheni huwapunguzia saratani hizo ni mdogo mno kuweza kudai lolote kwa uhakika. Lakini SPF 13 si SPF 50, na mionzi inayopita huendelea kuharibu kolajeni, kukoleza madoa na kuifanya rangi ya uso isiwe moja. Mwenye ngozi nyeusi asiye na madoa na anayefanya kazi zake kivulini hana sababu ya kuishi kwa hofu. Mwenye melasma, mwenye ugonjwa wa lupasi, anayetumia dawa zinazoongeza usikivu wa ngozi kwa jua kama doksisaiklini, au anayetibu chunusi kwa krimu za retinoidi, huyo anaihitaji kila siku.

Saratani iliyo hatari zaidi kwa ngozi nyeusi ni aina ya melanoma (saratani inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza melanini) inayojitokeza kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, sehemu ambazo jua halizifikii kwa wingi. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, aliugua melanoma iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Losheni ya jua haizuii aina hiyo. Kinachosaidia ni kuzitazama nyayo na kucha mara kwa mara, na kumwona daktari wa ngozi ukiona baka jipya linalokua au mstari mweusi chini ya ukucha unaopanuka.

Kwa watu wenye ualbino mambo ni tofauti kabisa. Melanini yao ni kidogo mno au haipo, na bila kinga saratani ya ngozi huweza kuanza wakiwa bado vijana. Kwao losheni ya jua ni dawa ya kulinda uhai, ya kupakwa kila siku tangu utotoni, pamoja na kofia pana, mikono mirefu na miwani. Wanaojichubua nao wanapaswa kuelewa kwamba krimu za haidrokwinoni hupunguza ile melanini iliyokuwa ikiwakinga, na zile zenye steroidi huikondesha ngozi. Mtu anaondoa paa kisha anatoka mvuani.

Kwamba losheni inafanya kazi inapopakwa ipasavyo, ushahidi mzuri kuliko wote unatoka katika mji wa Nambour, Queensland, Australia, mahali penye jua kali na wakazi wengi weupe. Kati ya mwaka 1992 na 1996, watu 1,621 waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi yao walipewa losheni na kuagizwa kuipaka kila siku kichwani, shingoni na mikononi, na wengine waliachwa waendelee na mazoea yao. Saratani ya ngozi ya aina ya skwamasi ilipungua kwa takriban asilimia 40 kwa waliopaka kila siku. Miaka kumi baada ya jaribio kwisha, melanoma mpya zilikuwa 11 kwenye kundi hilo na 22 kwenye kundi la mazoea. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha pia kwamba ngozi za waliopaka kila siku zilizeeka kwa kiasi kidogo kuliko za wenzao, kwa tofauti ya asilimia 24. Jambo linalonivutia ni kwamba losheni iliyotumika ilikuwa SPF 16 tu, namba ambayo leo wengi wangeipita dukani bila kuitazama mara mbili. Haikuwa na ajabu yoyote ila kwamba ilipakwa kila siku.

Basi kupaka kwenyewe. Kwa uso na shingo, njia rahisi ni kukamua mistari miwili kamili, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Mara ya kwanza utaona ni nyingi kupita kiasi. Uso utang'aa na vidole vitateleza. Usizipunguze. Paka mstari mmoja kwanza, uache dakika chache unyonywe, kisha upake wa pili juu yake. Kupaka kwa awamu mbili kuna faida nyingine, kwani mkono hauendi njia ileile mara zote mbili, na mapengo ya awamu ya kwanza huzibwa na ya pili. Kwa anayekwenda kuogelea au kushinda nje mwili ukiwa wazi, mwili wa mtu mzima wenye eneo la mita za mraba 1.7 hadi 1.8 unahitaji gramu 35 hivi, ambazo ni vijiko saba vya chai: kimoja kwa uso, masikio na shingo, kimoja kwa kila mkono, kimoja kwa kila mguu, kimoja kifuani na tumboni, na kimoja mgongoni. Chupa ya mililita 200 haifikishi mipako sita kwa mtu mmoja. Familia inayorudi kutoka ufukweni na chupa moja ikiwa bado nzito haikujikinga vya kutosha.

Sehemu zinazosahauliwa zinajulikana, kwa sababu ndizo zinazobabuka kwanza: masikio, hasa kingo zake za juu, kope, pembeni mwa pua, kisogo, utosi wenye nywele chache, na migongo ya nyayo iliyo wazi ndani ya viatu vya kandambili. Midomo inahitaji mafuta yake yenye SPF, kwa kuwa losheni ya kawaida hulambwa ikaisha. Mfuatano unafaa kuwa hivi: krimu ya kulainisha kwanza kama unaitumia, losheni ya jua juu yake, vipodozi mwisho. Poda yenye SPF 15 juu ya losheni ya SPF 30 haikupi 45. Na hiyo poda, ili ikupe SPF 15 kweli, ingekubidi uipake kwa unene ambao hakuna mtu angethubutu kutoka nao nje.

Paka dakika 15 au 20 kabla ya kutoka, ili tabaka litulie na kukauka likiwa limesambaa sawasawa, kisha rudia kila saa mbili ukiwa juani, na mara tu baada ya kuogelea, kutoka jasho jingi au kujifuta kwa taulo. Kinachoiondoa losheni zaidi si jua lenyewe bali msuguano: nguo, taulo, mikono inayopita usoni bila kufikiri. Anayekaa ndani ya jengo mbali na dirisha hahitaji kurudia kila saa mbili. Mpako wa asubuhi na mwingine kabla ya kutoka mchana vinamtosha. Hakuna losheni isiyotoka majini. Marekani ilipiga marufuku dai hilo kwenye vifungashio mwaka 2011, na kinachoruhusiwa ni kutaja kama losheni imestahimili maji kwa dakika 40 au 80. Za kupuliza zinarahisisha mgongo usiofikika, lakini upepo huchukua sehemu kubwa na nyingine huvutwa puani; zipulize kwenye kiganja kwanza kwa ajili ya uso, kisha zisambaze kwa mkono.

Hofu kuhusu usalama ina msingi wake, ila mara nyingi hupewa uzito usio wake. Mwaka 2019 na 2020 wataalamu wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, walionyesha kwamba viambato kadhaa vya kemikali, vikipakwa kwa kiwango cha juu mwili mzima, huingia kwenye damu kupita nanogramu 0.5 kwa mililita. Kizingiti hicho ndicho kinachoamua kama uchunguzi zaidi unahitajika. Kukipita si uthibitisho wa madhara, na mamlaka hiyo yenyewe iliwaambia watu waendelee kujikinga. Asiyetaka kungoja uchunguzi huo ana njia nyepesi, nayo ni kuchagua madini, ambayo FDA imependekeza yatambuliwe kuwa salama na yenye kufaa. Ili kuyalinda matumbawe ya baharini, Hawaii ilikataza uuzaji wa losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia Januari 2021, na Palau ilitangulia kwa katazo pana zaidi mwaka 2020. Watoto walio chini ya miezi sita wawekwe kivulini na wavishwe nguo nyepesi za kufunika, badala ya kupakwa losheni. Vitamini D nayo haijaonekana kupungua sana kwa watumiaji wa kawaida, na pengine sababu mojawapo ni ileile iliyonifanya niandike makala haya: hakuna anayepaka vya kutosha. Mafuta ya nazi na ya mbegu za karoti, yanayosifiwa kuwa kinga asilia, hulainisha ngozi vizuri lakini kinga yake dhidi ya mionzi ni hafifu.

Ingawa makala haya yanahusu losheni, haistahili kuwa ya kwanza katika orodha. Nguo iliyofumwa kwa kushonana haipungui unene kwa sababu mvaaji ana haraka, wala haihitaji kurudiwa kila saa mbili. Kofia yenye ukingo mpana hufunika masikio na kisogo ambavyo vidole husahau. Mamlaka za hali ya hewa na programu nyingi za simu hutoa kipimo cha UV cha siku, na kuanzia 3 kwenda juu kujikinga kunashauriwa. Usipokuwa na simu, tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua liko juu na mionzi ni mikali. Wingu jepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo, kila mita 1,000 za kupanda mlima huiongeza kwa takriban asilimia 10, mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15, na theluji mbichi hata asilimia 80. Losheni ni ya yale yanayobaki wazi baada ya nguo na kivuli kufanya kazi yao.

Kuhusu kuhifadhi hakuna mengi. Joto kali huharibu mchanganyiko, kwa hiyo tyubu isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ikitoka maji kwanza na mafuta baadaye, au ikibadilika harufu, itupwe. Tarehe ya mwisho wa matumizi iko kwenye mkunjo wa tyubu au chini ya chupa, na kwa kawaida losheni isiyofunguliwa hukaa miaka mitatu bila kupoteza nguvu. Tyubu ya uso inayopakwa mistari miwili kila asubuhi huisha muda mrefu kabla ya tarehe hiyo. Yangu ya sasa niliiandikia siku ya kuifungua kwa kalamu ya wino mzito, ubavuni, na iliisha siku ya 38.